Pweza Aliyepigiwa Kura Kwamba Hayupo

Leo ni Jumamosi, tarehe kumi na mbili Aprili, na kabla ya kupanda jukwaani nimejiapia kwamba nitasema yote niliyoyaona chini ya maji, bila kuongeza chumvi na bila kuficha kitu.

Mheshimiwa Lorraine Stavig, Meya wa mji wetu wa Alder Landing, Ndugu Duane Tollefson, Mwenyekiti wa Kamati ya Hifadhi ya Chini ya Maji, waheshimiwa madiwani, mwalimu wangu, Bi. Kowalczyk, wazamiaji wenzangu mliosimama huko nyuma na nywele zenu mbichi, wazazi wetu, wageni waalikwa mliovuka kwa feri ya asubuhi, na ninyi mliofuata harufu ya samaki wa kuokwa mkajikuta mmeketi mkutanoni: nawasalimu nyote kwa heshima.

Jina langu ni Analyn Dumlao. Nina miaka kumi na minne, na nimechaguliwa kusema neno la kumuaga Thelma kwa niaba ya wanafunzi. Bi. Kowalczyk amenifundisha kwamba hotuba njema huwasifu waliopo, haiwasengenyi wasiokuwepo, na hukoma kabla supu haijapoa. Nitajitahidi kuyatimiza yote. Na kwa kuwa Kamati imekwisha amua kwamba asiyekuwepo katika habari hii ni pweza, nitajichunga sana nisimseme vibaya.

Thelma mnamjua kuliko mimi. Sisi huku tunamtaja kama mtu, ingawa ni boti la mbao lililokuwa likivuta magogo kwenye ghuba hii kabla wazazi wangu hawajazaliwa. Alipozeeka, wenye klabu ya kuzamia hawakumchoma moto wala hawakumwacha aoze gatini. Walimzamisha kwa hiari yao karibu na kituo cha feri, mahali palipokuwa mchanga mtupu, ili samaki wapate nyumba. Tangu siku hiyo watu wa mji huu wamekuwa wakipeleka chini kila kitu ambacho wake zao au waume zao walikikataa nyumbani. Wamepeleka makalavati ya zege, bafu la chuma, na hata choo kimoja cheupe ambacho ndani yake anakaa samaki mwenye uso wa hakimu. Wametandaza kamba sakafuni mwa bahari na kuzipa majina kama mitaa, hata mgeni asiyejua kushoto wala kulia anaweza kushika kamba na kutembezwa. Ni miji mingapi duniani ambayo takataka zake zimepata wapangaji wengi hivi?

Lakini mbao huoza na misumari hutokeza. Mwaka jana mgeni mmoja alichana glavu yake kwenye ubavu wa Thelma, na ni kweli kwamba ingeweza kuwa mkono. Kwa sababu hiyo Kamati imeamua aondolewe. Kesho asubuhi, maji yakishatulia, tishari lenye kreni litakuja limfunge minyororo na kumnyanyua. Mahali pake patawekwa sanamu ile mnayoiona pale karibu na maegesho ya magari, chini ya turubai la buluu. Si siri tena, kwa maana upepo wa jana ulikwisha ifunua: ni pweza wa zege, mkubwa kama gari dogo, mwenye minyiri minane na taa katika macho.

Nami nasema, na hili ndilo lililonitoa nyumbani leo: ndani ya Thelma, katika tangi la kuchemshia maji lililo tumboni mwake, yumo pweza jike, na anaatamia mayai. Kesho tutamng'oa pweza mwenye uhai ili tupate nafasi ya kumsimamisha pweza wa zege.

Naona Bi. Kowalczyk ameshika paji la uso. Mwalimu, usihofu. Sehemu ya kuwasifu waliopo ndiyo inaanza sasa.

Namsifu kwanza Mwenyekiti wetu, Mzee Tollefson, kwa sababu ndiye aliyenifundisha adabu ya chini ya maji. Wageni labda hawajui kwamba sisi hatumchungulii pweza nyumbani kwake. Hatumulikii tochi tundu lake, hatutii mkono, hatumchokoi kwa kijiti ili atoke apigwe picha. Tunatazama mlangoni tu. Pweza akila kaa hutupa maganda nje, na kila usiku rundo linaongezeka kidogo, kwa hiyo mzamiaji akiliona hujua mwenye nyumba yupo, humhesabu, na hupita zake kimya kimya. Mzee Tollefson hakunifundisha haya darasani. Alinifundisha pale kwenye lami ya maegesho. Alilaza chini kile kikoni cha rangi ya chungwa cha kuongozea magari, akatoa mfukoni maganda ya kaa aliyemla mchana, akayamwaga mbele ya tundu la kikoni.

"Haya, binti. Humu yumo mtu?"

"Yumo."

Akayafagia kwa kiatu.

"Na sasa?"

"Hayumo."

"Umefaulu," akasema, akaenda kunywa kahawa.

Nilifurahi sana siku hiyo. Sikujiuliza yule pweza wa kwenye kikoni alikwenda wapi.

Nawasifu pili kina mama na kina baba wa Siku ya Usafi. Januari, katika baridi ambayo hata sili walikuwa hawataki kuteremka kutoka kwenye maboya, walizamia kwa zamu tangu asubuhi wakatoa chupa, mishipi, matairi na simu za watu wanaosafiri kwa feri huku wakiegemea ukingo. Lakini wema wao haukuishia kwenye takataka zetu. Waliona vichuguu vya maganda vimezagaa mbele ya matundu, navyo wakavizoa, wakavipandisha ufukweni kwa nyavu. Rundo lilipigwa picha, picha ikatoka gazetini. Baba yangu, Nestor Dumlao, ambaye wengi mnamfahamu kwa sababu ndiye anayeelekeza magari yenu mkiingia kwenye feri, alikuwa akisaidia kuvuta nyavu. Aliuliza swali moja.

"Na haya maganda nayo ni taka?"

"Nestor," akajibiwa, "wewe ukialika wageni nyumbani, si unafagia baraza?"

"Nafagia baraza langu. Hili ni la nani?"

Wakati huohuo chupa za kahawa zilifunguliwa, na katika mji huu kahawa ikifunguliwa hoja hufungwa.

Tatu, nawasifu wakaguzi. Mwezi Machi, Kamati ilituma wazamiaji wawili kuhakikisha kwamba Thelma hana mkazi kabla ya kupangwa siku ya kumtoa. Hilo lenyewe ni jambo la kusifiwa, kwani wangapi wangebomoa kwanza na kukagua baadaye? Wakashuka. Wakafika mlangoni. Wakatafuta maganda, hawakuyaona, kwa sababu ya wale niliowasifu kabla yao. Hawakuchungulia ndani, kwa sababu ya adabu. Wakaandika "tupu" kwenye vibao vyao, wakapanda juu wakiwa na dhamiri safi. Nani awalaumu? Mimi nisingewalaumu. Mimi mwenyewe, kama ningetumwa siku hiyo, ningeandika hivyohivyo, na herufi zangu zingekuwa nzuri kuliko zao.

Sasa naomba mteremke pamoja nami, ninyi ambao hamjawahi, kwa maana bila kuona mahali hapo mtadhani nazungumzia tundu la panya.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi huohuo, baada ya misa. Kwa umri wangu siruhusiwi kuzamia bila mtu mzima, na mtu mzima wangu ni baba. Maji ya Machi ni baridi ya kuuma meno, lakini ni maangavu kuliko ya kiangazi, na mwanga ukipenya huwa kijani kama chupa. Tulishika kamba ya kwanza. Tulilipita dume moja la samaki lenye meno kama misumari, ambalo hulinda mayai ya mke aliyekwisha ondoka, nalo likamsukuma baba kwa pua kwenye goti, kama askari anayesema endelea na safari yako. Tulipita viti vya pweza, wale wanyama wa umbo la nyota, vya rangi ya zambarau, vilivyojishikiza kwenye makalavati. Feri ilipita juu, nasi tukaisikia kifuani kabla ya masikioni. Kisha Thelma akatokea mbele yetu, amevaa anemoni nyeupe, wale wanyama wa baharini wanaofanana na maua, kila mahali, utadhani mtu amempamba kwa koliflawa kwa ajili ya harusi.

Mimi nilikuwa natafuta konokono wasio na magamba, kwa sababu nilikuwa na kazi ya sayansi. Nilipoinama karibu na tangi niliona mlango wake umezibwa kwa mawe. Hayakuwa mawe yaliyoporomoka. Yangeporomoka vipi yakapangana, makubwa chini na madogo juu, na kuacha mwanya mmoja usiozidi upana wa vidole vitatu? Nikamwita baba kwa kugonga mtungi wangu wa hewa. Alitazama mawe, akanitazama mimi, nikajua tunafikiria jambo moja: ukuta huu umejengwa na aliye ndani.

Hapo tulivunja adabu. Nakiri mbele yenu, na wala sijutii. Baba alifunika tochi kwa kiganja akaacha mwanga mwembamba upite katikati ya vidole, akaupitisha kwenye mwanya mara moja, taratibu.

Kwenye dari la tangi yalikuwa yamening'inia mayai. Yalikuwa meupe, madogo kama punje za mchele, yamefumwa kwenye nyuzi, na nyuzi zilikuwa nyingi mno, zimeshuka kama pazia la shanga mlangoni. Mnyiri mmoja ulikuwa ukipita katikati yake ukizichambua, kama mama anayemchana mtoto nywele asije akamwamsha. Kisha maji yakapulizwa kutoka gizani, nyuzi zote zikayumba pamoja, zikatulia. Na nyuma yake kulikuwa na jicho, lenye mboni iliyolala kama mstari, linatutazama bila hasira na bila haraka.

Baba akazima tochi. Wazamiaji tuna ishara ya mkono ya pweza, tuna ya papa, tuna ya hewa imeniishia. Hatuna ishara ya nilichokiona. Baba yangu, ambaye mnamjua kuwa mtu wa kuelekeza magari bila kucheka, alikunja mikono kifuani, akaipembeza, kulia na kushoto.

Tulipanda juu na picha moja niliyoipiga kwa simu, ndani ya kifuko kisichopitisha maji, kabla tochi haijazimwa. Naomba niwaeleze picha hiyo ilivyopokewa, kwa sababu nimeapa kusema yote.

Wazamiaji walikuwa kwenye maegesho wakivua suti zao. Nikawaonyesha.

"Lete nione. Hii nini, soksi?"

"Soksi gani, hivyo ni viazi. Dumlao, umempeleka mtoto chini kote huko akapige picha ya viazi?"

"Ni mayai," nikasema.

"Ya kukaanga au ya kuchemsha?"

"Muacheni mtoto. Huyo ni mjomba wangu, nimemtambua kwa masharubu."

Walicheka, nami nilicheka kidogo, kwa sababu kusema kweli picha ilikuwa mbaya. Mzee Tollefson hakucheka. Alikuwa amekuja kuangalia mahali pa kuwekea sanamu, amevaa koti la mvua. Aliichukua simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mlangoni kulikuwa na maganda?"

"Hapana, Mzee. Kulikuwa na mawe."

"Hakuna maganda, hakuna pweza. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Ndiyo, Mzee. Na ulinifundisha kwamba pweza akishataga hali tena. Anakaa na mayai mpaka yaanguliwe. Sasa maganda atayatoa wapi?"

"Hayo nayo nilikufundisha?"

"Ulinifundisha."

Akanirudishia simu.

"Nilikufundisha mengi mno," akasema.

Lakini ni mtu wa haki, na namsifu kwa hilo bila kejeli yoyote. Alisema nije kwenye kikao cha Kamati nikaseme mwenyewe. Nikaenda, nikiwa nimevaa sketi ya shule, nikasimama kwenye ukumbi ulio chini ya maktaba, nikasema. Wajumbe walinisikiliza kwa upole. Mmoja aliniuliza kama nina ushahidi wa maganda. Mwingine aliuliza kama yule pweza ni mkazi wa kudumu au ni mgeni wa msimu, kwa sababu taratibu ni tofauti. Wa tatu, ambaye alikuwa anakula biskuti, aliuliza swali ambalo nalo nitawaambieni kama lilivyo.

"Mayai yakianguliwa, huyo mama anakuwaje?"

"Anakufa," nikasema. "Anakuwa ameishiwa nguvu."

"Basi, mwanangu, kuna tofauti gani? Sisi tunamharakishia tu."

Hapohapo muda wangu ukaisha. Ndipo Kamati ikafanya jambo ambalo nadhani halijawahi kufanywa na kamati yoyote katika ghuba hii. Waliitisha kura. "Wanaokubali kwamba Thelma hana mkazi, waseme ndiyo." Wakasema ndiyo. "Wanaokataa?" Mimi ni mtoto, na baba si mjumbe. Na hivyo pweza akashindwa kwa kura zote, bila kujua kwamba alikuwa mgombea.

Ndugu zangu, nimefikiri sana juu ya kura ile. Kama Kamati ina uwezo wa kumfanya pweza asiwepo kwa kusema ndiyo, mbona tunahangaika? Tungepiga kura kwamba misumari ya Thelma haipo, na mgeni asingechana glavu. Tungepiga kura kwamba maji ya Januari yana joto. Mheshimiwa Meya, tungepiga kura kwamba feri ya saa moja huja saa moja, na mji mzima ungekupigia makofi.

Lile swali la biskuti lilinifuata mpaka nyumbani. Nilimkuta bibi yangu jikoni akikata vitunguu. Bibi yangu amezaliwa Batangas, kule Ufilipino, na kwake yeye pweza ni kitoweo, cha siki na vitunguu saumu, na wino wake ni mchuzi. Sikutarajia huruma. Nikamwambia, "Bibi, wanasema atakufa hata hivyo, kwa hiyo hakuna tofauti."

"Pweza namla," akasema. "Nimekula wengi kuliko hao wa kamati waliowaona. Lakini kuku anayeatamia, hata mwenye njaa humpita akatafuta mwingine."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini? Kwa sababu anaatamia. Shika kisu, menya hivi vilivyobaki."

Sikupata maelezo zaidi, nikamenya vitunguu. Lakini kadiri nilivyomenya ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mjumbe wetu alikuwa amehesabu mmoja tu. Alimhesabu mama, ambaye kweli ameshajitoa. Hakuhesabu pazia lile la shanga. Watoto wakiachwa, vuli ikifika watatoka kupitia mwanya wa vidole vitatu, kila mmoja mdogo kama punje, watapanda juu na kuchukuliwa na mkondo. Wengi wataliwa kabla ya asubuhi, najua, hilo nalo nilifundishwa. Lakini wachache watakua, watateremka, na watatafuta nyumba. Wengine huenda wakaja hapahapa kwetu, na labda mmoja atapenda hata sanamu ya zege, kama tutamwachia tundu la kuingilia.

Maana sanamu mimi siipingi. Familia iliyoitoa imekaa mstari wa mbele, na nimewaona watoto wao wakiipapasa minyiri chini ya turubai. Ni sanamu nzuri. Nilichouliza kwenye kikao, na nauliza tena, ni kwa nini isiteremshwe mwishoni mwa kamba ya tatu, penye mchanga mtupu, ambapo haimwondoi mtu. Na Thelma, siwaombi abaki milele. Naomba abaki mpaka vuli tu, mayai yaanguliwe, na hadi hapo kamba ya kwanza ikunjwe ili wageni wasimkaribie wakachanwa na misumari. Baada ya hapo mnyanyueni, nami nitakuja kushika mnyororo.

Je, kuna mwovu katika habari hii? Nimemtafuta kwa bidii, kwa kuwa hotuba yenye mwovu ni rahisi kuandika. Sikumpata. Waliosafisha walisafisha kwa moyo. Waliokagua walikagua kwa adabu. Waliopiga kura walifuata kanuni, na aliyetoa sanamu alitoa kwa upendo wa haohao pweza. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, na kwa kutimiza wajibu wetu sote tumefikisha mnyororo mlangoni pa tangi lile. Mtu mmoja mbaya asingeweza. Imehitajika mji mzima wa watu wazuri.

Na mimi nawapenda watu hawa wazuri. Ninyi ndio mlionishonea suti ya kuzamia kutoka suti mbili za wakubwa ili nisisubiri mpaka nikue. Ninyi ndio mliofundisha watoto wa mji huu kwamba cha chini hakiguswi, hakichukuliwi, hakiliwi, wakati miji mingine ilikuwa bado inashindana kumkamata aliye mkubwa zaidi. Ndiyo maana sikwenda kulia kwa watu wa gazeti, wala sikujifunga kwenye gati kama rafiki yangu mmoja alivyonishauri. Nimekuja kusema nanyi, kwa sababu naamini hakuna hata mmoja kati yenu ambaye, akiliona lile jicho, angesema ndiyo.

Shida ni moja. Hakuna hata mmoja kati yenu aliyeliona.

Supu naona imeanza kugawiwa pale nyuma, na Bi. Kowalczyk amenionyesha saa yake. Mheshimiwa Meya, waheshimiwa madiwani, wageni wetu, nawashukuru kwa kuniazima masikio yenu, na kwa kunivumilia nilipowasifu kuliko mlivyotarajia. Sherehe iendelee. Nimebakiza neno moja tu, na ni kwa Mwenyekiti, kwa kuwa nahodha wa tishari amesema atamsikiliza Mwenyekiti peke yake.

Mzee Tollefson, tangu ulipopasuliwa bega vuli iliyopita hujamtembelea Thelma. Jumanne ulituambia daktari amekuruhusu kuzamia, na leo nimeiona suti yako kwenye kiti cha nyuma cha gari, imekunjwa vizuri. Tishari limeshaondoka bandarini, lakini kesho maji yatatulia kabla halijafika, na baba amejaza mitungi mitatu. Sikuombi uniamini, wala sikuombi uitishe kura nyingine. Nakuomba uweke jicho lako kwenye mwanya ule, mara moja. Ukipanda juu ukasema hayumo, nitanyamaza, na nitapiga makofi kreni ikinyanyua. Nakuomba unijibu sasa hivi, hapo ulipokaa, kabla hawajakupa kipaza sauti: utashuka nasi?